Anayekula Muda Wako Yuko Nguoni au Mlangoni? Ulinganisho wa nyenzo za kazi na utulivu kwa mwanazuoni wa Tanga

Mhadhiri akilalamika kwamba hana muda, ushauri anaopewa huwa ni wa aina moja: apakue programu fulani, ajaribu mbinu fulani, anunue daftari la kupangia siku. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini ni nadra anayeutoa kuuliza kwanza muda wenyewe umekwenda wapi. Nimefundisha na kufanya utafiti Tanga kwa miaka ya kutosha kuwa na droo iliyojaa madaftari ya aina hiyo, kila moja likiwa limeandikwa kurasa saba au nane za mwanzo tu, na simu iliyowahi kubeba programu tano za kunituliza kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja nililipia usajili wa miezi kumi na miwili wa programu ya kupangia kazi, nikaitumia siku kumi na moja. Kosa halikuwa la programu. Nilikuwa nimenunua dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nyenzo nyingi zinazotangazwa kwa wanazuoni zimetungwa kwa imani hiyohiyo: kwamba adui wa mwandishi ni uvivu wake, woga wake mbele ya ukurasa mtupu, na simu iliyo mfukoni mwake. Kwa baadhi yetu ndivyo ilivyo. Lakini katika vyuo vidogo na vituo vya utafiti vya mkoa huu, ambako mtu mmoja hufundisha masomo matatu, huratibu mafunzo kwa vitendo, huketi katika kamati ya maadili na kamati ya manunuzi, kisha husimamia tasnifu za wanafunzi kumi, anayekula muda mara nyingi hayumo nguoni. Yuko mlangoni, saa nne asubuhi, akiwa na barua ya kikao.

Kwa sababu hiyo nimezilinganisha nyenzo hizi kwa swali moja kuu, ambalo ni kama nyenzo inakulinda dhidi ya nafsi yako au dhidi ya watu wengine. Maswali mengine ni ya kawaida kwa mazingira yetu: je, inafanya kazi umeme ukikatika, inakula bando kiasi gani, inalipiwa vipi, na inahitaji mtu mwingine au unaweza kuianza peke yako leo jioni?

Saa ya nyanya na asubuhi iliyofungwa

Mbinu ijulikanayo duniani kwa jina la Pomodoro ilibuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa mwanafunzi, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na ndiyo maana ikaitwa hivyo. Unafanya kazi moja kwa dakika 25 bila kugusa kingine, unapumzika dakika 5, na baada ya vipindi vinne unajipa mapumziko marefu zaidi. Haihitaji fedha wala mtandao, kwani kengele ya simu yoyote inatosha, hata ile ya vitufe.

Kwa usahihishaji wa mitihani sijapata mbinu iliyo bora kuliko hiyo. Skripti mia na ishirini zilizorundikwa mezani humvunja mtu moyo kabla hajafungua ya kwanza, lakini skripti tano ndani ya dakika 25 ni kazi inayoonekana na inayohesabika, na mapumziko mafupi humzuia msahihishaji asiwe mkali kwa mwanafunzi wa mwisho kwa sababu tu yeye mwenyewe amechoka. Hali kadhalika kwa kujibu barua pepe, kuingiza alama katika mfumo na kupitia dodoso. Kwa kujenga hoja ya makala, hata hivyo, naiona ina kasoro kubwa: dakika kumi na tano za mwanzo huishia katika kukumbuka ulipoishia, na kengele hulia wakati ambapo fikra ndiyo kwanza inaanza kuchemka.

Upande wa pili kuna asubuhi iliyofungwa, yaani saa mbili au tatu za siku maalumu za wiki ambazo umetangaza kwamba hupatikani. Hii si mbinu ya kifaa, ni makubaliano. Mkuu wa idara anajua, wanafunzi wanajua, na mlangoni pamebandikwa karatasi inayosema utawapokea wageni kuanzia saa tano. Ugumu wake uko hapohapo penye nguvu yake, kwa kuwa kila kitu kinategemea wengine wakubali, na katika chuo chenye wahadhiri wachache mtu anayefunga mlango huanza kusemwa kwamba anajidai. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni idara nzima kufunga asubuhi moja ileile, ili asiwepo wa kumnyooshea kidole mwenzake.

Tofauti ya hizo mbili ni kwamba saa ya nyanya hukulinda dhidi ya nafsi yako tu, na mtu akibisha hodi katika dakika ya kumi na mbili, nyanya imeoza. Asubuhi iliyofungwa hukulinda dhidi ya wengine, lakini haikuzuii kuipoteza yote ukisoma habari za mpira. Anayesumbuliwa na yote mawili atazitumia pamoja: asubuhi ya kuandika hoja, na nyanya za alasiri kwa kazi za kuhesabika, wakati joto la Tanga, hasa la Februari, limeshamaliza makali ya akili.

Niongeze jambo moja ambalo vitabu vya ushauri vya Ulaya na Marekani havinalo. Siku ya mtu wa pwani tayari imekatwa vipindi, na aliyezoea kuswali ana mipaka mitano ambayo haihitaji kengele. Baina ya Magharibi na Isha kuna muda unaozidi saa moja kidogo, nao unatosha kusoma makala moja kwa makini. Baina ya Alfajiri na saa moja na nusu asubuhi kuna wasaa mzuri zaidi wa kuandika kuliko wote, mradi nyumba iwe imelala. Nasema mradi, kwa sababu ushauri wa kuandika alfajiri hutolewa kwa wepisi mno na wanaume ambao chai ya watoto huandaliwa na mtu mwingine. Mhadhiri mwenye watoto wawili wa shule ya msingi aliniambia kwamba kwake alfajiri ni saa za kazi kuliko saa zote, naye alipata nafasi yake ya kuandika kwa kubaki ofisini saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, wengine wakishaondoka.

Bandu bandu, au kambi

Bandu bandu huisha gogo. Hoja ya kuandika kidogo kila siku ilipata nguvu kutokana na kazi za Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1980 aliwafuatilia wahadhiri 27 waliogawanywa katika makundi matatu. Walioendelea na mazoea yao ya kungoja nafasi kubwa ya muda waliandika wastani wa kurasa 17 kwa mwaka. Walioandika kila siku na kuweka kumbukumbu walifikia kurasa 64. Walioandika kila siku, wakaweka kumbukumbu, na tena wakawa na mtu wa kuwajibika kwake kila wiki, walifikia kurasa 157. Watu 27 ni wachache, na tarakimu hizo zisichukuliwe kama sheria ya maumbile. Hata hivyo, wanaozinukuu huzitazama zile kurasa 64 na kusifu nidhamu ya kila siku, ilhali pengo kubwa zaidi liko kati ya 64 na 157, na kilichoongezeka hapo ni binadamu wa pili.

Helen Sword wa New Zealand, mtafiti wa uandishi wa kitaaluma, aliupunguza utukufu wa kuandika kila siku. Aliwahoji wanazuoni mia moja wenye machapisho ya kuheshimika akakuta kwamba wachache tu miongoni mwao huandika kila siku. Wengine huandika wakati wa likizo, wengine kwa mafuriko ya wiki mbili kisha kimya. Matokeo hayo humpa faraja mtu ambaye ratiba yake haimpi nusu saa hata moja muhula ukiendelea.

Taasisi ya Marekani ya kuwaendeleza wahadhiri, ijulikanayo kwa kifupi NCFDD, huendesha changamoto ya siku 14 ambapo mshiriki huandika dakika 30 kila siku na kutoa taarifa kwa kundi. Mpango ni mzuri, lakini uanachama wake kwa kawaida hulipiwa na chuo, na kwa bei ya kule. Mtu wa Tanga ambaye chuo chake si mwanachama hana sababu ya kuulilia. Watu wanne, kundi moja la WhatsApp, na ahadi ya kila mmoja kutuma kabla ya saa nne usiku idadi ya maneno aliyoandika vitatoa sehemu kubwa ya manufaa hayo. Sharti langu ni moja tu: kundi hilo lisitumiwe kupeana pole za misiba na picha za harusi, kwa maana likishageuka kuwa kundi la kawaida halirudi tena.

Kambi ya uandishi ni kinyume cha hayo yote. Mkoa huu umebarikiwa mahali pa kuifanyia. Lushoto ina baridi inayomfanya mtu akae kitini, na Amani, katika msitu wa Usambara Mashariki juu ya Muheza, imekuwa mahali pa wasomi tangu Wajerumani walipoanzisha hapo taasisi yao ya utafiti wa viumbe na kilimo mwaka 1902. Kambi hukuondoa kabisa mbele ya mlango. Hakuna wa kukuletea barua ya kikao, na mtandao ukisuasua huko milimani, siku hiyo huwa ni faida. Gharama ni nauli, malazi na chakula cha siku nne au tano, na miradi mingi ya utafiti inaweza kuiingiza katika bajeti kama warsha ya uandishi iwapo itaandikwa tangu pendekezo la mradi.

Kambi huharibika kwa sababu ambayo nimeishuhudia zaidi ya mara moja: watu hupanda mlima wakiwa na data ambazo hazijasafishwa. Siku mbili zinaishia katika kugombania majedwali, ya tatu inaishia katika kutembea msituni, na kundi linarudi Tanga likiwa na utangulizi wa ukurasa mmoja. Asiye na uchambuzi uliokamilika asiende kambini. Abaki nyumbani abandue gogo lake. Aliye na uchambuzi kamili na majedwali yaliyokubaliwa na waandishi wenza wote, siku nne za Amani zitamfaa kuliko miezi mitatu ya nusu saa nusu saa.

Kuna methali nyingine yenye mdundo uleule wa bandu bandu, nayo ni chovya chovya humaliza buyu la asali. Kitendo ni kilekile cha kidogo kidogo, ila mara hii kinachoisha ni chako. Kabla ya kuchagua nusu saa ya kila siku, mtu atazame kwa wiki moja ni nani mwingine anayechovya katika buyu hilo. Ikiwa siku yake inachovywa na simu ishirini za ofisi, nusu saa yake ya kuandika itachovywa vilevile, na hapo kambi au asubuhi iliyofungwa ndiyo chaguo lenye maana.

Mwenza wa mbali na mwenza wa mezani

Kwa kuwa binadamu wa pili ana uzito kiasi hicho, tuwalinganishe wenza wenyewe. Focusmate ni tovuti inayokuunganisha kwa video na mtu usiyemjua, aghalabu wa nchi nyingine. Mnaambiana mnachokwenda kufanya, mnafanya kimya kimya kwa dakika 25, 50 au 75, kisha mnaagana. Vipindi vitatu kwa wiki ni bure, zaidi ya hapo hulipiwa. Nimeitumia, na inashangaza jinsi aibu ya kuonwa na mgeni ilivyo na nguvu ya kumkalisha mtu. Lakini video ya saa nzima inakula bando, umeme ukikatika unamwacha mwenzako akitazama kioo cheusi, na mazungumzo yote ni ya Kiingereza.

Meza ya Maktaba ya Mkoa, Jumamosi asubuhi, ukiwa na wenzako wawili, haina hata kasoro moja kati ya hizo. Hapo kuna aibu ya kuonwa, kuna ukimya unaolindwa na mkutubi, na kuna chai ya pamoja baadaye. Kilichopungua ni uhakika: mgeni wa Focusmate hufika kwa sababu mfumo humwekea alama mbaya asipofika, ilhali mwenzako wa Chumbageni atakutumia ujumbe saa tatu kasoro dakika tano kwamba amepata mgeni. Kwa hiyo napendelea meza yenye watu watatu badala ya wawili, ili mmoja akikosa meza isife.

AuthorAID ni jambo la aina nyingine, na watu huichanganya na hizo mbili kimakosa. Ilianzishwa mwaka 2007 na shirika la INASP la Uingereza kwa ajili ya watafiti wa nchi za kipato cha chini na cha kati, nayo hutoa bila malipo kozi za mtandaoni za uandishi wa kitafiti na kuwaunganisha watafiti chipukizi na walezi wenye uzoefu. Haikupi muda, bali inakupa ujuzi. Wapo wenzetu wanaosema hawana muda wa kuandika, kumbe kinachowakalisha ni barua ya wahakiki wawili iliyokaa katika sanduku la barua pepe tangu mwaka jana na hawajui waijibu vipi. Huyo hata umpe mwaka mzima wa likizo ya utafiti hatatuma makala. Apate mlezi kwanza.

Zotero, Mendeley, na flashi iliyopotea

Hapa nitakuwa mrefu kidogo, kwa sababu katika nyenzo zote nilizozitaja humu, ya kupangia marejeo ndiyo inayorudisha saa nyingi zaidi kwa gharama ndogo zaidi, na ndiyo ambayo wahadhiri wa umri wangu wameikwepa kwa ukaidi mkubwa zaidi.

Zotero ilitoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, nayo ni programu huria ya bure. Mendeley ilinunuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2013, nayo pia haina malipo kwa matumizi ya kawaida. Kwa hesabu ya haraka Mendeley inaonekana kushinda, maana hukupa GB 2 za hifadhi mtandaoni bila malipo, na Zotero hukupa MB 300 tu. Wengi huchagua kwa tarakimu hizo na kuishia hapo.

Kwetu tarakimu hizo zina maana ndogo. Zile MB 300 zinahusu mafaili yaliyoambatishwa, yaani makala zenyewe. Taarifa za marejeo, kama majina ya waandishi, miaka na majarida, husawazishwa bila kikomo. Mafaili yanaweza kubaki yote katika kompyuta yako, hata yakifika GB 20, bila kulipa chochote, na programu nzima hufanya kazi bila mtandao, ikiwemo kuingiza marejeo katika Word au LibreOffice. Mendeley ya sasa imeegemea mtandaoni zaidi. Programu yake ya simu iliondolewa mwaka 2021, na ile ya kompyuta iliyozoeleka ilisitishwa kwa wapakuaji wapya mwaka 2022 ikaachia nafasi nyingine, ambayo kiungo chake cha Word kinahitaji mtandao. Mtu anayeandika Pangani wikendi akiwa na kompyuta mpakato yenye chaji ya saa nne na bando la kubahatisha ataielewa tofauti hiyo upesi. Mimi nimechagua Zotero, na mwanafunzi wa uzamili akiniuliza humwambia hivyo bila kuzungukazunguka.

Isipokuwa katika hali moja: ikiwa waandishi wenzako wote wako Mendeley na mna maktaba ya pamoja ya miaka mitano, usihame peke yako. Kuhamisha kunawezekana, lakini gharama ya kuwa tofauti na kundi ni kubwa kuliko faida.

Kuna pia chaguo la tatu, la daftari na faili la Word lenye orodha ya marejeo, ambalo ndilo lililonilea. Mwaka mmoja umeme ulirudi kwa kishindo baada ya kukatika, kompyuta yangu ikafa na marejeo ya tasnifu nzima. Nakala ya akiba ilikuwa katika flashi, na flashi ilikuwa katika mfuko wa suruali iliyokwisha kufuliwa. Nilitumia wiki tano kuyarudisha. Programu yoyote utakayochagua, nakili folda yake katika diski ya nje kila Ijumaa, na diski hiyo isikae katika begi moja na kompyuta.

Kuhusu kuzipata makala zenyewe nitasema machache tu. Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi za kipato cha chini na cha kati majarida ya kulipia, ilianza mwaka 2002 kwa majarida ya afya kupitia tawi lake la Hinari, na sasa inagusa pia kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Taasisi za Tanzania ziko katika kundi linalopata huduma hiyo bila malipo, ila anayesajiliwa ni taasisi, na nywila iko kwa mkutubi. Kabla ya kuandika kwamba makala fulani haipatikani, nenda ukamsalimie mkutubi wako. Unpaywall, ambayo ni kiongezo kidogo cha kivinjari, hutafuta nakala halali za bure na haihitaji kibali cha mtu yeyote. Ya kwanza ina hazina kubwa, ya pili ina wepesi, na hakuna sababu ya kuchagua moja na kuiacha nyingine.

Pumziko: programu, mwongozo, barabara ya Raskazone

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa kwa namna inayofaa kusomwa taratibu. Liliuita hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na likataja dalili tatu, ambazo ni kuishiwa nguvu, kuiona kazi yako kwa chuki au kejeli, na kujihisi huna tena ufanisi. Chanzo chake kimetajwa kuwa msongo wa muda mrefu kazini ambao haujasimamiwa vyema. Katika maelezo hayo sikuona mahali ambapo mfanyakazi ameambiwa kwamba hapumui vizuri.

Nayasema hayo kwa kuwa programu za utulivu kama Headspace na Calm humfundisha mtu, kimsingi, kupumua na kutuliza fikra. Zimetengenezwa kwa ustadi na huwasaidia baadhi ya watu kulala. Kwa mwanazuoni wa hapa zina vikwazo viwili. Sehemu kubwa ya mazoezi yake hulipiwa kwa usajili wa fedha za kigeni, na sauti zake ni za Kiingereza au lugha nyingine za mbali. Mtu aliyeshinda akiandika Kiingereza, akisahihisha Kiingereza na kubishana na wahakiki kwa Kiingereza, ukimwambia usiku alegeze mabega kwa Kiingereza umemwongezea kipindi cha mwisho cha siku.

Shirika hilohilo la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 mwongozo wa bure wenye michoro na mazoezi ya kusikiliza, unaofundisha stadi tano: kujituliza mahali ulipo, kujinasua katika mawazo yanayokuvuta, kutenda kwa kufuata yale unayoyathamini, kujitendea kwa wema, na kuyapa nafasi maumivu bila kupigana nayo. Umetokana na mafunzo ya kikundi yaliyojaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini waliokuwa kaskazini mwa Uganda, na yakaonekana kupunguza dhiki yao. Kwa vigezo nilivyoweka mwanzoni, mwongozo huo unazishinda programu za kulipia: hauna gharama, ukishapakuliwa hauhitaji bando, na umepimwa katika eneo letu la dunia, kwa watu wenye sababu nzito za kuhangaika kuliko barua ya mhariri.

Kutembea hakulinganishwi na hivyo viwili kwa urahisi, kwa kuwa kunatibu vingine. Kiwango kinachopendekezwa kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Anayetoka Bombo kufuata barabara ya pwani hadi Raskazone na kurudi, jioni nne kwa wiki, atakaribia kiwango hicho au kukivuka, upepo wa bahari ukimpuliza bila malipo. Anayekwenda kazini kwa baiskeli, kama ulivyo utamaduni wa mji huu ambao baadhi ya wahadhiri wameanza kuuonea haya wakishapata gari la mkopo, huenda asihitaji kutenga jioni yoyote.

Ninachokipinga ni kuchagua lolote kati ya hayo kama badala ya daktari. Asiyelala kwa wiki nyingi, aliyepoteza hamu ya chakula, au anayefikiria kwamba afadhali asingekuwepo, hajafikia mahali pa kulinganisha programu. Aende hospitali, Bombo au iliyo karibu naye, na aende na mtu.

Mwisho kuna nyenzo ambayo haitangazwi popote, kwa sababu hakuna anayeiuza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo yenye malipo, sikukuu zinazoangukia humo zikihesabiwa ndani yake. Katika nyenzo zote nilizozitaja ndiyo pekee ambayo ukiitumia mwajiri naye anawajibika kuiheshimu, hivyo ndiyo yenye kinga kubwa kuliko zote dhidi ya yule wa mlangoni. Nasi ndiyo tunayoichezea zaidi: tunaiahirisha hadi mitihani ipite, tunaikatakata siku mbili mbili za misiba, au tunaichukua na kuimaliza tukisahihisha skripti sebuleni. Mwaka huu nimejaza fomu yangu mwezi wa pili, kabla ratiba ya mitihani haijabandikwa, na katika nafasi ya anwani wakati wa likizo nimeandika Pangani, bila namba ya simu.